Sumaku Yangu na Sufuria ya Shangazi

Jumatatu, 8 Julai

Nimedharauliwa. Mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima! Ushahidi ni kofia iliyo hapa mezani. Hainiingii kichwani.

Jana watu wa Luberizi walikuja kumalizia mahari ya Laurette. Laurette ni binti wa marehemu kaka yangu Evariste. Nimemlea tangu aking'oka meno ya utoto. Kaka alipokuwa anakata roho alinishika mkono, akaniambia huyu sasa ni wako, siku ya harusi yake umwingize kanisani kama ambavyo ningemwingiza mimi. Nikaapa. Siku yenyewe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Suti nimeshaipeleka kwa fundi. Katika dunia hii sina jambo jingine ninalolitaka, na simwambii mtu, naliandika hapa tu.

Lakini sufuria! Kwetu, siku ya mwisho ya mahari, mama wa binti hupewa sufuria ya inox, chuma cheupe kisichoshika kutu. Ni shukrani kwa jiko lililomlea. Mama yake Laurette naye ni marehemu. Basi jiko lililomlea ni la nani? La mke wangu Blandine! Mzee Ndayisenga, baba wa bwana harusi, akasimama na sufuria mikononi, akaanza kuja upande wetu. Nikampiga Blandine kiwiko ajiandae. Mzee akatupita. Akampa Célestine.

Célestine ni mdogo wangu. Anafundisha fizikia, na hajawahi kumruhusu mtu yeyote asahau. Eti desturi: mama asipokuwepo, shangazi ndiye mama. Sawa. Na mimi je? Mimi nikapewa kofia. Kofia ya mtoto wa komunyo!

Niliitazama ile sufuria ikipita. Iling'aa mno. Mng'aro wa namna ile naujua, na vyombo navijua. Ulizeni soko la Mulongwe. Nina sumaku niliyoitoa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa, ndogo lakini kali. Wanawake wakinunua vyombo wananiita nipime. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa mng'aro. Isiponasa, ni inox ya kweli. Wananipa ndagala, dagaa wa ziwani, kwa shukrani, na wauza vyombo wananiombea ugonjwa. Sijawahi kukosea. Hata Laurette alipoleta medali yake ya shule ya msingi, akiwa amekimbia njia nzima kuja kunionyesha, niliipima papo hapo. Chuma! Nikamwambia ukweli, asije akadanganyika maishani.

Wiki hii nitamtembelea mdogo wangu.

Jumatano, 10 Julai

Nimetoka Kimanga, kwa Célestine. Sijawahi kwenda kumsalimu kwa hiari tangu apate diploma. Alishtuka, akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamjibu kwamba undugu ni kutembeleana. Akaenda kuchemsha chai.

Sufuria ameiweka juu ya kabati, ameifunika kitambaa cha kufuma. Nikaifunua haraka. Sumaku yangu huwa naifunga kwa uzi na kuiacha ining'inie. Ikikaribia chuma, uzi unalala upande, sumaku inakimbilia na kubusu. Ikikaribia inox ya kweli, inaning'inia tu, haina habari.

Nikaishusha juu ya tako la sufuria. Haina habari! Nikasogeza huku na huku. Haina habari kabisa. Inox ya kweli! Nilikaa kwenye kiti nikiwa na uchungu mkubwa, nikawaza hata kuondoka bila chai.

Kisha, kwa kukata tamaa tu, nikaipeleka mdomoni mwa sufuria, pale bati lilipokunjwa kuelekea nje. Uzi ukalala. Sumaku ikabusu! Nikarudia. Ikabusu tena. Nikashuka kwenye kona, pale ubavu unapopinda kuingia takoni. Napo inavutwa, kwa uvivu kidogo, lakini inavutwa!

Nilitaka kupiga vigelegele. Tako la inox, mdomo wa chuma. Wezi wameunganisha! Célestine aliporudi nilikuwa nimeshafunika kila kitu na kukaa kwa adabu. Nilikunywa vikombe viwili na nikamsifia majani yake ya chai.

Alhamisi, 11 Julai

Nimemweleza Blandine. Nilitegemea afurahi, kwa sababu yeye ndiye aliyepitwa. Hakufurahi. Aliendelea kuchambua mboga ya lenga-lenga, akasema maharage yanaiva kwenye sufuria yoyote. "Weye Toussaint, uache ule mutoto aolewe." Hivyo tu. Mwanamke hana uchungu wa heshima yake, inabidi mimi niwe nao kwa ajili ya wawili.

Nikamweleza mtu mmoja tu mwingine, Annie anayeuza ndagala, na nikamwapisha kabisa asiseme. Mchana nilipopita sokoni, muuza mihogo nisiyemfahamu aliniuliza kama ni kweli watu wa Luberizi wameoa kwa sufuria ya bati. Jioni habari ilikuwa imefika Kavimvira. Nashangaa sana jinsi watu wa mji huu wasivyoweza kutunza siri.

Sikusema ya bati. Nilisema mdomo tu.

Jumamosi, 13 Julai

Bwana harusi amekuja kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Anaitwa Libérat. Anatengeneza mota za mashine za kukoboa mpunga kule Luberizi. Kijana mpole. Upole wake unanikera, kwa sababu mtu hapati pa kumshika.

Alinisalimu kwa mikono miwili, akaketi pembeni ya kiti, akasema habari imemfikia mama yake, Concilie. Mama ameshinda kitandani analia. Sufuria ile aliichagua mwenyewe Bujumbura, aliingia duka baada ya duka, na aliilipa kwa mpunga wa shamba lake yeye. Libérat akasema kama kuna kasoro, wao wako tayari kuleta nyingine. "Baba, minye sitaki maneno. Niko namutaka Laurette tu."

Mtu mwingine angepokea sufuria ya pili akanyamaza. Naona hata mimi kwa dakika moja nilikuwa huyo mtu mwingine. Lakini nikakumbuka kofia. Nikamwambia suala si sufuria, suala ni ukweli. Ikutane familia yote, pande mbili, Jumatano, kwa Célestine. Nitapima mbele ya kila mtu. Halafu waniombe radhi mimi, kwa kofia ya kipimo changu, na sufuria ipewe jiko linalostahili.

Libérat aliinamisha kichwa, akaondoka. Laurette alikuwa nyuma ya pazia, nilimwona miguu. Nilimwita anisifu. Miguu ikaondoka. Alikuwa mtoto laini sana huyu, ukimgusa tu anacheka. Siku hizi amekuwa mgumu, sijui ni nani aliyemkunja hivyo.

Jumapili, 14 Julai

Célestine ameingia hapa moja kwa moja kutoka misani. Hata kiti hakukitaka. Alinifundisha fizikia barazani kwangu, majirani wakisikiliza!

Somo lenyewe ni hili, naliandika ili uongo wake ubaki kwenye kumbukumbu. Eti inox ikiwa imetulia, chembe zake zimejipanga kwa namna isiyosikia sumaku. Lakini ukiikunja ikiwa baridi, au ukiipiga nyundo, au ukiikandamiza kwa mashine mpaka isirudi tena ilivyokuwa, baadhi ya chembe zinalazimika kujipanga upya, na mpango huo mpya unasikia sumaku. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichounganishwa. Sufuria huanza ikiwa bati bapa. Tako halikusumbuliwa sana, kwa hiyo halina habari. Mdomo ulikunjwa, kona zilivutwa, kwa hiyo zinabusu. Viwanda vingine huchoma chombo motoni baada ya kukikunja ili kitulie tena. Vingine haviongezi kazi hiyo.

Nikamuuliza kama na mimi nikikunjwa nitanasa misumari. Majirani walicheka. Yeye hakucheka.

Akaingia jikoni, akatoka na kijiko cha Blandine. Akaomba sumaku yangu. Akaining'iniza kando ya shingo ya kijiko. Haina habari. Kisha akaanza kukikunja, kukikunjua, kukikunja, kukikunjua, meno yameuma, kilemba kimelegea, mpaka kikakaribia kukatika. Akarudisha uzi. Sumaku ikaegemea pale kwenye mkunjo, ikabusu.

Majirani wakasogea kukitazama. Mimi nikamwambia hizo ni mbinu za walimu, amekipasha joto kwa mikono. Akasema angekipasha joto kweli, joto la makaa mekundu, kingeacha kubusu. Eti hata umeme hauvumilii nyundo: waya uliopigwa unaupinga zaidi kuliko uliotulia. Lakini tofauti ni ndogo mno, akasema, sumaku inaona yale ambayo balbu haiwezi kuona. Libérat mwenyewe huweka nyaya kuukuu za shaba kwenye makaa kabla ya kuzisuka upya, zilainike. Basi wamekwisha kuelewana, mwalimu na bwana harusi!

Akaondoka akiniita yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya, ile ni harusi ya mutoto wa Evariste. Haiko soko."

Ameharibu kijiko cha watu na hakulipa.

Jumanne, 16 Julai

Kesho ni siku yangu. Nimejiandaa kama wakili.

Wazo lilinijia alfajiri. Célestine anasema mdomo wa sufuria yoyote unaweza kubusu. Basi nitaleta sufuria isiyobusu popote! Ninayo. Blandine alipewa na mama yake, aliyeipata kwa masista alikokuwa mpishi. Nzito, ya zamani, ya kweli. Nimeipima mara nyingi nisipokuwa na kazi nyingine: tako, ubavu, mdomo, masikio. Haina habari hata kidogo. Blandine haipikii. Anaiweka kabatini na huitoa Krismasi. Mwaka ule ziwa lilipoingia mpaka ndani ya nyumba yetu ya zamani, aliacha godoro akabeba sufuria hiyo kichwani.

Siku ileile iliangukia mawe ikabonyea ubavuni. Bonyeo la ukubwa wa kiganja hivi. Nikawaza: shahidi gani anakwenda mbele ya watu akiwa amevimba shavu? Blandine alikwenda shambani. Nikaitoa, nikaiweka juu ya jiwe la kufulia, nikachukua nyundo. Lo, ilikuwa kazi! Ukipiga hapa, kunatokeza pale. Ukipiga pale, hapa panaingia. Na kadiri ninavyopiga ndivyo inavyozidi kuwa ngumu, kana kwamba inakataa. Nimepiga mpaka jasho limeingia viatuni. Mwisho ikanyooka, isipokuwa vidoti vya nyundo, ambavyo mtu wa nia njema hatavitazama. Nikaisugua kwa majivu. Inang'aa.

Kisha nikafanya jambo la kitaalamu. Nilitaka kuhakikisha kama maneno ya Célestine yana ukweli wowote, maana mimi si mtu wa kukataa elimu. Nikachukua betri ya pikipiki ya jirani, balbu na nyaya mbili. Nikapitisha umeme mahali nilipopiga nyundo: balbu ikawaka. Nikapitisha mahali nisipopiga: ikawaka vilevile! Hakuna tofauti! Basi nyundo haibadilishi kitu ndani ya chuma. Imethibitishwa kwa balbu. Diploma yote ile, mimi nimeiangusha kwa betri ya kuazima.

Sumaku sikuitumia. Niliiacha ipumzike kwa ajili ya kesho.

Jumatano, 17 Julai

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa uani kwa Célestine, wengine hata si ndugu. Mzee Ndayisenga alikaa mbele, kofia yake magotini, mkewe Concilie pembeni akiwa ametazama chini. Nilisimama. Nilisema vizuri, hilo hakuna atakayelikana. Nilizungumzia ukweli, ukoo, na marehemu kaka yangu. Nikachukua sufuria ya Célestine, nikashusha uzi mdomoni. Ikabusu. Watu wakaguna. Concilie akajifunika uso kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

Nikatoa sufuria yangu. Blandine alipoiona akainuka nusu, kisha akakaa. Nikapima tako: haina habari. Nikapima mdomo: haina habari. Watu wakaguna zaidi, upande wangu! Hapo ningekaa. Ningekaa, na sasa hivi ningekuwa nakula. Lakini nilitaka adui mwenyewe akiri. Nikampa Mzee Ndayisenga uzi mkononi, nikamwambia apime popote atakapo.

Mzee akaniita bamwana, kama wanavyowaita wakwe wenzao kule bondeni, akasema hataki kuniaibisha. Nikasisitiza! Akaupitisha uzi polepole kuzunguka ubavu, kwa heshima, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Alipofika pale kwenye vidoti vya nyundo, uzi ukalala. Sumaku ikabusu.

Mtu mmoja nyuma akacheka, nadhani Annie, halafu wote. Célestine hakucheka. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, kama sufuria hiyo imepigwa nyundo.

Hapo Blandine akaja akaichukua. Akapapasa ule ubavu. Akaona vidoti. Sijawahi kumwona akilia mbele ya watu, hata siku ya ziwa hakulia. Nikajua lazima nijitetee haraka. Nikasema tatizo si nyundo, nyundo nimeithibitisha kwa balbu. Tatizo ni kwamba sufuria yenyewe huenda ilikuwa feki tangu mwanzo, masista walimdanganya mama mkwe wangu, marehemu hakuwa na sumaku.

Nilisema hivyo. Mbele ya binti yake. Nayasikia maneno yenyewe mpaka sasa na sielewi yalitokaje.

Kisha Laurette akasimama. Hakupaza sauti. Alisema tangu utoto wake, kila kitu alicholeta nyumbani nilikipima. Akataja medali. Hiyo medali, akasema, aliitupa ziwani siku ileile. Mimi miaka yote nilidhani imepotea. Kisha akasema: "Baba mudogo, Jumamosi usinishike mukono."

Mzee Ndayisenga aliinuka kumsihi. Yeye, mzee wa sufuria, alisihi kwa ajili yangu mimi! Laurette akatikisa kichwa.

Blandine amelala kwa Célestine. Nyumba imekuwa kubwa. Nimekula mkate mkavu na sikuusikia ladha.

Ijumaa, 19 Julai

Asubuhi Blandine alinitumia ujumbe kupitia Annie. Mkali, lakini ujumbe: niende Luberizi, nimwombe radhi Mama Concilie, ana kwa ana, bila hotuba. Akinisamehe yeye, Laurette anaweza kulegea.

Nilikwenda. Nilipanda pikipiki, nikala vumbi la njia yote mpaka nilipoona mashamba ya mpunga na ng'ombe barabarani. Nilivaa kofia ile ndogo, ili waone nimeipokea. Upepo uliing'oa mara nyingi, na kila mara dereva alinisubiri nikiikimbilia.

Concilie alinipokea kama ndugu. Sikuamini. Alinikalisha kivulini, akanipa maziwa, akanisikiliza. Nilisema neno moja tu, nisamehe, na lilikuwa la kweli. Akanishika mkono. Akasema mtu aliyelea mtoto wa nduguye hawezi kuwa mbaya wote. Akampigia Laurette simu hapohapo, akaongea naye kwa muda mrefu, akasema baba yako amekuja, amefika kwa vumbi, umwache akushike. Nilisikia sauti ndogo ya Laurette ikisema ndiyo, mama. Ndiyo! Nililia ndani ya kikombe cha maziwa.

Kwa furaha Concilie akaniletea kisanduku, nione pete za harusi. Akaingia ndani kuniongezea maziwa. Pete mbili, juu ya pamba, za njano, nzuri.

Mkono uliingia mfukoni wenyewe. Naapa, sikuwa na nia mbaya! Nilitaka tu kuweza kumwambia kwamba ni nzuri. Nikashusha uzi. Haina habari! Ya pili, haina habari! Nikafurahi kweli, nikainua kichwa nimwambie kwa sauti: ni nzuri, mama, zote mbili ni nzuri!

Alikuwa amesimama mlangoni na jagi. Simu ilikuwa bado sikioni.

Alinisindikiza mpaka barabarani, akasema tu kwamba Laurette amesikia, na ile ndiyo ameifuta. Alinipa hata chupa ya maziwa ya njiani. Dereva wa pikipiki aliniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 20 Julai

Nilikwenda. Nani angenizuia? Barabara ni ya wote. Nilisimama ng'ambo ya kanisa, karibu na muuza vocha, nikiwa na suti yangu, ambayo fundi ameishona vizuri, na haina kosa hata moja.

Nilidhani Célestine ndiye atakayemwingiza. Nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia. Lakini Célestine alikuwa tayari ndani, na Blandine pia. Laurette alishuka kwenye gari peke yake. Akanyoosha gauni. Akapanda ngazi peke yake, na upande wake wa kulia, pale ambapo mtu anapaswa kuwa, hapakuwa na mtu. Aliuacha wazi. Hakumpa mwingine.

Pale mlangoni alisimama kidogo. Alitazama barabara, huku na huku. Nilikuwa nyuma ya mwamvuli wa muuza vocha. Ningeweza kutoka. Miguu ilikataa, na huku kichwani nawaza kwamba kofia imebana. Kisha akaingia.

Nimelia. Muuza vocha akasema ni vumbi la kiangazi, nikakubali kwamba ni vumbi.

Jumapili, 21 Julai

Habari kubwa! Asubuhi Annie amebisha hodi akiwa na mzigo kichwani. Laurette amenitumia chakula cha harusi. Alikipakua mwenyewe, Annie anasema, akachagua samaki, mikeke mikubwa ya ziwani, wali wa Luberizi, na juu sombe ya majani ya mihogo. Akamwagiza aniambie nile kingali moto, na kwamba nikitaka, Jumapili ijayo nipite kwake. Annie alisema hayo mara mbili, kana kwamba mimi ni mzito wa kusikia.

Chakula kimekuja ndani ya sufuria ya Blandine. Ile ile. Vidoti vyote.

Nilikaa nayo mezani, mvuke unapanda, harufu imejaa nyumba nzima. Nikawaza maneno mazuri ya kumwambia Jumapili ijayo. Nikachukua kijiko. Na hapo nikawaza: kwa nini sufuria ile ile? Wana vyombo vingapi kwa Célestine?

Nikatoa uzi. Nikapima ubavu: inabusu. Nikapima mahali pengine: haina habari. Nimeizunguka kwa makini, wali ukiwa ndani, na sasa nimeelewa kila kitu. Hii si sufuria ya Blandine! Ile ya kweli imebaki kwa Célestine. Walizibadilisha usiku wa kuamkia kikao, mimi nikiwa nimelala kwa uchovu wa nyundo. Vidoti wameviiga. Mwalimu wa fizikia hashindwi kuiga vidoti. Na Laurette, mtoto niliyemlea, ananiletea ushahidi mpaka mezani kwangu, kwa upole wa Libérat!

Jumapili ijayo nitakwenda, ndiyo. Nitapima kabati zima. Pia nimesikia posa ya binti wa Annie ni mwezi ujao na hawajaalika mtu wa kupima vyombo. Spika ya redio ya kanisa imekufa, na ndani yake kuna sumaku kubwa kama sahani. Nitamwomba padri.

Wali umepoa. Nitakula nikishapima kijiko.